Fundi wa Kwato na Msimamo wa Waziri

Kwa miaka ishirini na sita Bi Tupa aliwajua farasi kwa miguu yao. Ukimwonyesha ukwato mmoja tu, bila shingo wala mkia, angekwambia ni wa farasi gani, ulikatwa lini, na kama mwenyewe ana tabia ya kukwangua sakafu akisubiri chakula. Jina lake hasa lilikuwa kwenye kitambulisho na kwa karani wa benki. Kwingine kote aliitwa Bi Tupa, kwa sababu ya tupa ndefu aliyoichomeka kwenye mkanda wa aproni yake ya ngozi, na ambayo mara nyingine aliisahau kiunoni hata akienda dukani kununua sukari.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Binti alipotimiza miaka kumi na minne, alimkabidhi mguu wa farasi mmoja mpole, akamwambia aushikilie na asiuachie mpaka aambiwe. Aliushikilia mpaka mikono ikatetemeka. Baada ya hapo akajifunza yote: kung'oa misumari ya zamani, kukata ukwato uliozidi, kuusawazisha kwa tupa, kukipasha chuma moto na kukipinda juu ya fuawe mpaka kikubali umbo la mguu. Akajifunza pia kile ambacho baba yake alikiita mkono wa nyumbani kwetu: ncha ya ukwato iachwe ndefu kidogo kwa mbele, na kisigino kishushwe chini. Mzee alisema ncha ndefu humpa farasi hatua ndefu. Na kweli, enzi zake watu walisimama njiani kumtazama farasi anavyotupa mguu, wakasema huyo amepita kwa mzee.

Sasa mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja. Magoti yamegoma, anaishi kwa binti yake, katika chumba cha nyuma chenye dirisha linaloangalia tangi la maji. Kila jioni, kabla hata binti hajavua viatu, alikuwa anauliza kutoka chumbani, "Wangapi leo?" Naye hutaja idadi, na mzee huguna kwa kuridhika, kama mtu aliyefanya sehemu ya kazi hiyo mwenyewe.

Mteja mkubwa wa Bi Tupa alikuwa shule ya kufundisha kupanda farasi, nje kidogo ya mji, nyuma ya kiwanda cha vigae. Palikuwa na farasi kumi na mmoja, uwanja wa mchanga, safu mbili za mabanda, na ofisi moja yenye feni inayolalamika. Mwenye shule alikuwa mama wa miaka sitini mwenye sauti ya chini sana, ambaye watu walilazimika kumsogelea ili wamsikie, na kwa namna hiyo alipata heshima ya bure. Mtunza farasi wake aliitwa Kimya. Jina hilo alipewa kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza.

Na palikuwa na Waziri. Alikuwa farasi wa kahawia, miaka kumi na minne, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake: taratibu, kifua mbele, akiwatazama watu kama waliokuja ofisini kwake bila miadi. Watoto wote wa shule ile walianzia mgongoni kwake. Lakini mwaka ule Waziri akaanza kubadilika. Tandiko likiletwa, analaza masikio. Kwenye kona anajikwaa pasipo jiwe. Halafu asubuhi moja, akiwa na msichana wa miaka tisa mgongoni, alisimama katikati ya uwanja na kukataa kwenda mbele wala nyuma kwa robo saa nzima, mpaka msichana akashushwa akilia. Kimya alitangaza kwamba Waziri amejiuzulu. Mwenye shule hakucheka. Alimpigia simu daktari wa mifugo.

Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke mfupi, umri wake thelathini na kitu, kofia ya kitambaa kichwani, na gari dogo lililojaa ndoo na mirija. Siku hiyo Bi Tupa alikuwepo kwa kazi zake za kawaida, akaacha tupa na kwenda kusikiliza. Daktari alianza na kinywa. Alikuta meno ya nyuma yana makali pembeni, yanakwaruza shavu, akayasugua mpaka yakalainika. Kila mtu alidhani shughuli imekwisha. Badala yake aliomba Waziri apelekwe kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, kamba ilegezwe, na watu wote warudi nyuma hatua kumi.

Akauliza wanaona nini. Kimya alitoa hotuba. Bi Tupa, zamu yake ilipofika, alisema viatu vimekaa vizuri na hakuna msumari uliolegea.

"Hivyo ni viatu, Fundi," daktari alisema bila ubaya wowote. "Mimi nimeuliza farasi."

Maneno yale yalimchoma. Alikaa nayo siku nzima, akayarudia kichwani akiwa kwenye pikipiki, akatunga majibu matatu mazuri ambayo muda wake ulikuwa umekwisha pita. Lakini alikuwa amesikia pia yaliyofuata. Daktari alieleza kwamba farasi aliye sawa husimama kama meza: miguu minne imeshuka wima, mmoja kila pembe, na mifupa ndiyo inayobeba mzigo. Ndiyo maana anaweza kusinzia akiwa amesimama. Miguu ikiinama, mifupa haibebi tena vilivyo. Misuli ndiyo inayoshikilia mwili usianguke, kutwa kucha, hata wakati wa kupumzika. Kisha akawaonyesha Waziri. Miguu ya mbele ilikuwa imerudi nyuma chini ya kifua, ya nyuma imesogea mbele chini ya tumbo, yote minne imekusanyika kama ya mtu aliyesimamishwa juu ya stuli ndogo. Mgongo nyuma ya mahali pa tandiko ulikuwa umefura kidogo. Misuli ya shingo ilikuwa minene upande wa chini, mahali isipotakiwa, na myembamba juu.

"Kwa hiyo tatizo la Waziri," Kimya alisema, "ni kwamba hana msimamo."

Hata Bi Tupa alicheka. Lakini macho yake yalibaki pale, kwenye pengo dogo kati ya miguu ya mbele na ya nyuma.

Mwenye shule aliamua wafanyakazi wote wafundishwe, asubuhi za Jumamosi tatu. Bi Tupa hakuwa mwajiriwa wake na angeweza kukataa. Alikwenda kwa sababu moja tu, kwamba asipokwenda Kimya angepata la kusema mpaka mwisho wa mwaka.

Jumamosi ya kwanza walijifunza kutogusa. Farasi anatembezwa duara, anasimamishwa, halafu hapangwi wala hasukumwi bega. Unamwacha aweke miguu anavyotaka mwenyewe. Unafanya hivyo mara tatu, maana mara moja inaweza kuwa bahati. Jumamosi ya pili walijifunza kupiga picha kwa simu. Simu inashikwa usawa wa tumbo la farasi, siyo juu wala chini, ardhi iwe sawa, pande zote mbili, mbele na nyuma. Walipanda pia kwenye benchi, mbali ya kutosha wasipigwe teke, wakamtazama farasi kutoka nyuma na juu kuona kama bega moja limejaa kuliko lingine. Jumamosi ya tatu kila mtu alipewa daftari aandike anachokiona. Bi Tupa alipewa farasi jike mzee wa rangi ya kijivu, akaandika neno moja: mvivu. Daktari alipopita akalikata kwa kalamu.

"Uvivu hauonekani," alisema. "Umeona nini?"

Bi Tupa alirudi mahali pake akatazama tena. Baada ya dakika kumi akaandika kwamba farasi amepumzisha mguu wa nyuma wa kushoto mara nne, wa kulia hata mara moja hajaupumzisha, na kwamba kichwa kinashuka kila anapohamisha uzito. Alipoyasoma aliyoandika aliona aibu kidogo. Farasi yule alimfahamu kwa miaka kumi na miwili, na miaka yote hiyo alimwita mvivu.

Jambo lililomshangaza lilikuwa dogo, na hakumwambia mtu. Aligundua kwamba hakuwahi kusimama mbali na farasi kiasi cha kumwona mzima. Maisha yake ya kazi yalikuwa mgongo umeinama, mguu umebanwa kati ya magoti, uso kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye ukwato. Akimaliza mmoja, hujinyoosha, hujifuta jasho, huinama tena. Farasi kwake alikuwa vitu vinne vinavyofuatana.

Mumewe alikuwa mwashi. Bi Tupa alipomweleza habari za miguu iliyo wima na isiyo wima, alikwenda kwenye boksi lake la vifaa akarudi na timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, kinachomwonyesha mwashi kama ukuta wake umesimama au umelala. Akamwambia jicho linadanganya, uzi haudanganyi. Bi Tupa alikwenda nayo shuleni. Alimwomba Kimya aushike uzi kwa fimbo karibu na bega la Waziri, yeye akarudi hatua kumi akapiga picha. Uzi ulishuka chini moja kwa moja. Mguu uliukimbia uzi kwa upana wa kiganja.

Alifanya hivyo kwa farasi wote kumi na mmoja. Ilimchukua siku tatu, kwa sababu Kimya alikuwa na hadithi kwa kila farasi na mkono wake ulitikisika akizisimulia. Kisha akazichapisha picha za ubavuni kwenye duka la vifaa vya ofisi, na Jumapili mchana, vyombo vimeshaoshwa, akazipanga juu ya meza ya kulia chakula.

Palikuwa na farasi wa miaka sita na wa miaka ishirini na mbili, wanene na wembamba, wawili waliozaliwa pale pale shuleni na wengine walionunuliwa mbali. Wengine walitumia tandiko jipya, wengine la zamani, na jike wa kijivu alikuwa hatandikwi kabisa tangu mwaka juzi. Alizungusha macho kwenye picha zile, akaanza upya. Wote walikuwa wamekusanya miguu chini ya tumbo. Mmoja zaidi, mwingine kidogo, lakini wote.

Mumewe alitoka bafuni na taulo begani, akasimama nyuma yake, akatazama. Walikuwa na watoto pacha waliokwisha oa na kuhama, na bado waliitana kwa watoto hao.

"Mama Pacha," alisema kwa utani, "nyumba kumi na moja zikiegemea upande mmoja, mimi siulizi matofali yametoka wapi. Nauliza fundi ni nani."

Alisema akicheka. Halafu akasikia alichokisema. Akavuta kiti akaketi. Bi Tupa alichukua picha moja, akaweka kidole pale ncha ya ukwato ilipojitokeza mbele, ndefu, nzuri, laini, kama alivyofundishwa. Aliona kwa mara ya kwanza kile ambacho daktari, kwa adabu, alikuwa hajakitamka. Kisigino kikishushwa na ncha ikirefushwa, mguu unakuwa umevaa kiatu kinachoelemea nyuma. Farasi anatafuta mahali pa kusimama ambapo hapaumi sana, na mahali penyewe ni hapo chini ya tumbo.

Usingizi wa mchana ule haukuja. Alijiambia kwamba meno pia yalikuwa na makali. Alijiambia kuwa Kimya huwa anatundika wavu wa nyasi juu sana, kiasi kwamba farasi wanakula wameinua shingo kama wanaochungulia dirishani, na daktari alikuwa amelitaja hilo mbele ya watu. Tandiko la Waziri nalo lilikuwa limebana. Yote yalikuwa kweli, na angeweza kukaa nyuma ya ukweli huo raha mustarehe. Hakuna ambaye angemgusa.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini kwa mwenye shule. Daktari alikuwepo, anaandika taarifa yake. Alikuwa anaeleza mambo ya meno na tandiko na wavu, na mwenye shule anaitikia kwa kichwa. Bi Tupa alisubiri amalize, akaweka picha juu ya meza.

"Hayo yote yapo," alisema. "Lakini lililo kwa wote ni kwato. Na kwato ni mimi."

Feni ililalamika. Mwenye shule alizitazama picha moja baada ya moja, akazirudisha kwenye bahasha kwa utaratibu. Aliuliza, kwa ile sauti yake ya chini, kwa nini amekuja kumwambia. Angeweza kunyamaza akabadilisha mkono wake polepole na hakuna ambaye angejua.

"Nisipokwambia," Bi Tupa alijibu, "itabidi nitengeneze kwa kuiba. Kila nikija nijifiche. Siwezi kazi ya namna hiyo."

Uamuzi ulichukua siku mbili. Bi Tupa ataendelea, lakini kila farasi atapigwa picha kabla na baada, na daktari atakagua kila mzunguko wa kukata. Waziri atapumzishwa asipandwe. Ikifika mwaka bila nafuu, atapelekwa shambani kwa ndugu wa mwenye shule akale nyasi. Haikuwa adhabu wala msamaha. Bi Tupa alishukuru, akaenda kuchukua vifaa vyake.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Alimwambia baba yake siku ya tatu, mchana, mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni akipata jua. Alimpa picha. Mzee aliileta karibu na uso, akaisogeza mbali, akaileta tena.

"Nani amekata hizi?"

"Mimi, Baba."

"Umekata vizuri."

Hapo ndipo alipomweleza. Alieleza taratibu, bila kumtaja mzee mahali popote, akisema mimi, mimi, mimi, kama mtu anayetembea pembeni ya shimo. Lakini mzee hakuwa mtoto. Aliiweka picha mapajani, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Miaka hamsini, mwanangu," alisema. "Unataka kuniambia niliwaumiza miaka hamsini."

Kusema ndiyo kungekuwa ukatili, na kusema hapana kungekuwa uongo. Binti alikaa chini kando ya kiti mpaka jua lilipohama. Mzee aliomba apelekwe ndani. Jioni ile hakuuliza wangapi leo, wala kesho yake, wala wiki zote zilizofuata. Alikula, alisalimu, alisikiliza redio. Lile swali tu ndilo lililokatika, na Bi Tupa akawa anasita mlangoni kila jioni, kiatu kimoja mkononi, akingoja kitu kisichokuja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kungoja. Ukwato hukua polepole kama ukucha, na kwa farasi mzima huchukua karibu mwaka kutoka juu mpaka chini. Huwezi kurudisha kisigino kwa siku moja; unaweza tu kuacha kukikata, na kuivuta ncha nyuma kidogo kidogo, kila baada ya wiki tano badala ya nane. Mkono wake ulikataa mwanzoni. Tupa ilijiendea yenyewe mahali ilipozoea, na mara mbili ilibidi aiweke chini, atoke nje, arudi. Alimvua Waziri viatu vya nyuma. Kimya, naye akiwa amejifunza, aliteremsha nyavu zote, akawa anamwaga nyasi chini ili farasi wale wameshusha shingo kama walivyozaliwa. Kila asubuhi alimtembeza Waziri juu ya magogo membamba yaliyolazwa chini, hatua ndefu, hatua fupi, kisha akamrudisha nyuma hatua tano, sita, taratibu, ili mgongo ukumbuke kazi yake. Wakati wote huo alimweleza habari za siasa, na akasema ni farasi pekee aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Bi Tupa aliwaambia wateja wake wengine pia. Wengi walishangaa tu, wakasema sawa, Fundi, wewe ndiye unayejua. Mmoja hakusema sawa. Huyu alikuwa na farasi wanne wa kuvuta magari ya abiria, na alikuwa mteja tangu enzi za mzee. Alimsikiliza kwenye simu, kisha akauliza, bila kupaza sauti, kama maana yake ni kwamba kwa miaka kumi na saba alikuwa anamlipa awavunjie farasi wake. Bi Tupa alisema maana yake inakaribia hapo. Mtu yule akakata simu. Baadaye ilisikika ametafuta fundi mwingine, na fundi huyo, kwa alivyoona Bi Tupa siku moja akipita barabarani, naye alikuwa anaacha ncha ndefu. Aliwatazama farasi wale wanne mpaka taa za barabarani ziliporuhusu. Hakuweza kufanya lolote. Ni moja ya mambo ambayo hakuyazoea.

Mwezi wa nne tangu waanze, picha za Waziri zilikuwa zile zile. Mwezi wa tano pia. Mwezi wa sita daktari aliziweka mbili kando kwa kando, akauliza, unaona nini, na Bi Tupa akaogopa kusema asije akawa anaona anachokitaka. Alichukua rula. Mguu wa mbele ulikuwa umeusogelea uzi kwa vidole viwili. Mwezi wa nane uzi na mguu vilishuka pamoja karibu sawasawa, na ule uvimbe wa mgongoni ulikuwa umelala. Waziri alianza kusinzia mchana amesimama, mdomo wa chini umelegea, kitu ambacho Kimya aliapa hajakiona kwake kwa miaka. Waliporudisha tandiko, lililokwisha tengenezwa upya na mshona ngozi, aligeuza kichwa, akalinusa, akarudia kutazama mbele. Mtoto wa kwanza kumpanda aliambiwa atembee tu. Walitembea mizunguko mitatu, na kwenye kona hakujikwaa.

Jike wa kijivu hakupona. Daktari alipiga picha ya eksirei akakuta viungo vya mguu wa nyuma wa kushoto, ule aliokuwa akiupumzisha kila mara, vimeota mifupa ya ziada. Ingegunduliwa miaka mitano nyuma, pengine angesaidika. Bi Tupa alikata kwato zake kwa namna ya kumpunguzia maumivu, alimtengenezea kitanda kinene cha maranda, na kila alipokwenda shuleni alianza kwake. Alikuwa anasimama hatua kumi, kisha anamsogelea, anaweka mkono juu ya nyonga ile. Kimya, aliyeona hayo mara kadhaa, hakusema neno.

Ilikuwa mwezi wa kumi mzee alipovunja ukimya wake. Walikuwa wanakunywa chai ya asubuhi. Aliuliza kama yule Waziri bado anapigwa picha. Binti akasema ndiyo. Mzee akapuliza chai yake, akasema picha ni karatasi, yeye anataka kumwona mwenyewe.

Mume aliazima gari la kazini. Walimweka mzee kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti, na kule shuleni Kimya alileta kiti cha ofisini chenye magurudumu, akamsukuma mpaka kwenye saruji akimweleza historia ya kiti. Waziri aliletwa. Bi Tupa alitaka kumsimamisha vizuri, mzee akainua fimbo.

"Usimpange," alisema. "Legeza kamba."

Binti alimtazama. Hakuwa amemfundisha hilo; labda mzee alimsikia jioni moja akimsimulia mumewe. Akalegeza kamba. Waziri alipiga hatua mbili, akasimama, akahamisha mguu wa nyuma, akatulia. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikitembea kidogo. Kisha aliomba aletewe mguu. Bi Tupa aliinama, akaubeba mguu wa mbele, akausogeza mpaka mzee aliyekaa kitini aweze kuufikia, na mzee akapitisha kidole gumba juu ya kisigino, kushoto, kulia, kushoto tena.

Alisema kwamba zamani alikuwa akimkata kwato jike mweupe, mali ya mfanyabiashara mmoja. Farasi mzuri, lakini alikuwa anasimama amejikusanya, na akifungwa gari anagoma. Walisema ana hila. Walimchapa. Yeye mwenyewe aliwaambia wamchape.

"Nilikuwa nikimkata kila mwezi," alisema. "Sikuwahi kurudi nyuma nikamtazama."

Bi Tupa aliushusha mguu wa Waziri taratibu. Aliweka mkono begani kwa baba yake, kwenye shati lililolegea, na hakujaribu kumwambia kwamba hakujua, kwa sababu mzee alikuwa anayajua hayo na hayakuwa yanamsaidia. Mumewe alijifanya anakagua ukuta wa banda. Kimya alikuwa ameleta chai kwenye sinia na anaeleza jinsi alivyoichemsha.

Mzee alipokea kikombe. Alikunywa nusu, akakirudisha.

"Mleteni mwingine," alisema.

Wakamletea wa miaka sita. Alimtazama, akauliza umri, akamwambia binti yake kwamba bega la kulia limezidi, amtazame kutoka nyuma. Bi Tupa alipanda kwenye benchi akatazama, akakuta ni kweli, akaandika. Wakaletwa wengine, mmoja mmoja, mpaka wote kumi na mmoja wakawa wamepita mbele ya kile kiti chenye magurudumu. Jike wa kijivu aliletwa wa mwisho, akitembea polepole, na mzee akaomba asisimamishwe kwenye saruji ngumu, apelekwe kwenye mchanga. Walimsukuma na kiti mpaka huko. Magurudumu yalizama mchangani, ikabidi mwashi na Kimya wambebe pamoja na kiti chake.